Swali la Salme la Kila Ijumaa

Nyumbani kwetu, Barabara ya Kumi na Tano, Ngamiani, ukiuliza swali ulikuwa na muda wa kulifuta kabla halijajibiwa. Muda wenyewe ulitosha kumenya kitunguu kimoja, kikubwa. Umekaa uani, unasema, "Somo, mume wangu jana alirudi saa ngapi?" na ndani ya sanduku lake pale juu ya mlango wa stoo diski ya Somo inaanza kukwaruza, krr, krr, krr, kama mtu anakuna nazi chumba cha pili. Hapo una hiari. Ukijionea huruma unasema "basi", na Somo analiacha swali lako hapo hapo, halirudii wala hakukumbushi. Ukinyamaza mpaka mkwaruzo ukome, jibu linakuja, na linakuja mbele ya kila aliyekaa uani, maana Somo hajui kunong'ona.

Mimi nazijua ndoa mbili zilizookolewa na neno hilo. Moja ilikuwa yangu, ingawa baadaye ilivunjika kwa sababu nyingine.

Somo ndiye kompyuta ya nyumba. Siku hizi hakuna nyumba ya kupanga isiyo na yake: inafungua milango, inagawa zamu za maji, inapokea salamu za wasiokuwepo na kuzitunza. Wenzetu wa mitaa ya pili wana mashine za kisasa zinazokujibu kabla hujafunga mdomo, na nyumba zao zimejaa watu wasiosalimiana. Yetu aliiunga marehemu mume wa Bi Arafa, mwenye nyumba, kwa vipuri vya ofisi iliyofungwa, na ndani yake akatia diski ya zamani sana, ile ya kuzunguka kama sahani. Ilikuwa nzito na nzee, na kwa sababu ya uzee wake sote vyumba saba tulikuwa tunakaa uani kusubiriana majibu, na mtu akisubiri lazima aongee. Mimi ni msusi. Kichwa kimoja cha mteja nilikuwa nakimaliza na habari za mitaa minne.

Sasa, Salme. Salme anakaa chumba kinachotazama bomba, anafanya kazi kiwanda cha nyuzi za mkonge, kule wanakosuka kamba za kukarabatia Mlingoti. Mlingoti wageni huupa jina refu. Sisi tunauita hivyo kwa sababu ukiutazama kutoka ufukweni Raskazone, ile kamba iliyotoka baharini ikapotelea juu ya mawingu, unaona kabisa mlingoti wa mkonge uliochipua katikati ya shamba. Watu wanaupanda kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya umeme wa jua huko nje ya anga, na mvua za masika zikiisha wanashuka na vitenge vya zawadi na miguu iliyolegea.

Idrisa, mume wa Salme, aliupanda asubuhi moja Salme akiwa zamu kiwandani. Kabla ya kuondoka alisimama uani peke yake, akaongea na Somo. Salme aliporudi, Somo akamwambia kwamba Idrisa amemwachia neno, na siku atakayoliuliza atapewa. Salme alikuwa amechoka, akasema ataliuliza kesho yake, Ijumaa. Kesho yake akaliuliza, mkwaruzo ukaanza, na sijui ni nini alichokisikia ndani ya ule mkwaruzo, akasema basi.

Ijumaa iliyofuata akauliza tena. Akasema basi tena. Miaka saba ikapita hivyo.

Kwamba Idrisa yu hai tulijua. Walioshuka walisema yuko huko, amenenepa, hapokei salamu za mtu. Lakini neno lake lilikuwa kwa Somo, na Salme hakulitaka wala hakuliacha. Kila Ijumaa baada ya swala alijifunga kanga safi, akavuta kigoda chini ya sanduku, akauliza, "Somo, Idrisa aliniachia neno gani?" na uani kote vijiko vikasimama. Mwanzoni tulikuwa tunabishana atavumilia mpaka wapi. Baadaye ikawa kama adhana: unaisikia, unajua siku imefika mahali pake.

Na kuna jambo la shuka, nisilisahau, maana lilitusumbua kuliko hata huyo Idrisa. Siku ile ile aliyoondoka, shuka la kijani la Salme, la harusi, lilitoweka kwenye kamba ya nguo. Bi Arafa alikuwa amelisifia wiki nzima, mpaka akalishika pindo. Salme akajumlisha. Hakumwita mwizi, la. Aliacha kumwamkia. Bi Arafa ana umri wa kumzaa mama yake Salme, na kwa miaka saba hakupata shikamoo kutoka chumba cha bombani. Naye hakumfukuza wala hakumwombea shari. Alichofanya ni kupita mbele ya mlango ule kila asubuhi polepole, akiburuza ndara, kama mtu anayempa mwenzake nafasi.

*

Diski ilianza kuugua mwezi wa mfungo. Kwanza Somo alimfungulia mlango wangu kijana wa gesi aliyeagizwa chumba cha nne, nami nimejifunga taulo. Kisha akatangaza zamu ya maji ya marehemu. Mkwaruzo ukawa mrefu, ukaingia na kilio chembamba ndani yake, na siku moja swali la Bi Arafa kuhusu mwandamo wa mwezi lilikwaruza mpaka viazi vyangu vikaiva.

Tukamwita Sudi. Sudi ni fundi wa Barabara ya Nane, mgane mwenye maneno mengi, kwetu alikuwa anakuja hata pasipoharibika kitu, na siku zake za kuja zililingana ajabu na siku za mapumziko za Salme. Neno la moyoni hakuwahi kulisema. Alikuwa anakaza skrubu ambazo zimekazwa.

Alifungua sanduku, akaweka sikio, akafunga. Akasema diski haimalizi mwezi. Ndani yake kuna kichwa kidogo kinachopita juu ya sahani kusoma, na sahani imelika. Siku kitakapoigusa barabara, kila kitu kinakwenda, salamu za watu, funguo, sauti za waliotutoka, vyote. Akatoa mfukoni kitu chembamba kama biskuti. Yeye aliita esi-esi-di, sisi tukaibatiza diski kimya: haizunguki, haina kichwa wala sahani, hailiki, na inajibu papo hapo.

Hilo "papo hapo" ndilo lililotunyamazisha. Mtu wa kwanza kuliuliza alikuwa Bi Arafa mwenyewe. Aliuliza kama haina mkwaruzo, mtu atasema basi saa ngapi.

Sudi akasema hilo si tatizo, anaweza kumwekea Somo ucheleweshaji, ahesabu kimoyomoyo kabla ya kujibu. Tukafurahi. Lakini mashine za nyumba ziliumbwa zisiweze kudanganya, na Somo, ambaye kwa kawaida haingilii mazungumzo, alikwaruza kwa muda mrefu kisha akasema:

"Zamani nilichelewa kwa sababu nilikuwa natafuta. Nikichelewa na jibu nimelishika mkononi, nitakuwa nawadanganya. Msiniombe hivyo."

Hakuna aliyembishia. Salme alikuwa amesimama mlangoni kwake na beseni la nguo, na hakulitua mpaka Sudi alipoondoka.

*

Siku ya kumhamisha Somo ilikuwa kama siku ya kutoa mtoto nje. Kila chumba kilileta kigoda. Sudi akalaza diski kimya juu ya meza ya chai, akaunga waya, na Somo akaanza kujinakili mwenyewe kutoka diski moja kwenda nyingine huku akitutajia anachobeba. Salamu za fulani, amehama. Mapishi ya mkate wa kumimina ya mama Tunu, yamehama. Tulicheka, tukalia kidogo ilipopita sauti ya marehemu mume wa Bi Arafa akigomba kuhusu taa. Mpaka alasiri kila kitu kilikuwa kimevuka isipokuwa kimoja, na hakuna aliyehitaji kuuliza ni kipi.

Sudi alieleza huku akitazama waya. Lile neno lilikuwa mahali palipolika kuliko pengine pote, na palilika kwa kuulizwa: kila Ijumaa kichwa kilipita pale pale, kikaanza kusoma, kikakatizwa. Sasa Somo alikuwa amelisoma mara tatu na kupata nakala tatu zisizofanana. Moja tu inaweza kuwa ile aliyoisema Idrisa. Mashine haiwezi kujua. Anahitajika mtu anayeijua sauti ya Idrisa asikilize zote, aseme ipi ni nzima, ndipo iandikwe. La sivyo liachwe, lifie kwenye sahani.

Tukamgeukia Salme. Akasema hasikilizi.

Bi Arafa akasema, akiiambia nguzo, kwamba basi liachwe. Salme akasema, akiliambia beseni, kwamba haliachwi.

"Mimi msinipe," Sudi akasema, ingawa hakuna aliyempa, na Idrisa mwenyewe hakuwahi kumwona. "Kwa jambo hili sikio langu si la kuaminika. Kila mtu hapa anajua kwa nini."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema, na alilisema akiwa na bisibisi mdomoni. Salme alitazama vidole vya miguu yake. Kisha akainua uso, akanitazama mimi.

"Da Mvua atasikiliza."

Jina langu ni Mwanamvua, na nyumba nzima ilicheka. Bi Arafa alishika nguzo asianguke. Mimi mwenyewe nilicheka, maana mtaa mzima unajua kwamba ukitaka jambo lifike sokoni kabla ya samaki, unaniambia mimi halafu unasema usimwambie mtu. Salme peke yake hakucheka.

"Da Mvua hatunzi siri kwa sababu hajawahi kupewa," akasema. "Huwa anaziokota. Hii nampa."

Kicheko kikaisha. Nikajifuta mafuta ya nywele mikononi, nikaingia stoo.

*

Stoo kulikuwa na gunia la mkaa, masufuria ya shughuli ya Bi Arafa na mimi. Sudi alinipa kidude cha sikioni, akafunga mlango kwa nje, nikamsikia akiwasogeza watu mbali na dirisha.

Nakala ya kwanza. Sikuwa nimeisikia sauti ya Idrisa miaka yote ile, na ilipoingia sikioni nilijikuta nikitabasamu, maana mtu yule alikuwa na sauti ya kukuuzia hata maji ya mvua. Alisema: "Salme, mama. Najua utaliuliza hili kabla hujavua viatu, maana subira wewe huna." Kisha mkwaruzo, mrefu. Kisha: "Shuka la kijani nimelichukua, lina harufu ya nyumbani. Gesi nimejaza." Basi, kwisha. Nikaona nyota. Shuka. Nilikuwa karibu kuufungua mlango kwa kichwa nikamwambie Bi Arafa.

Nakala ya pili ilikuwa jina la Salme na kelele tupu, kama mvua juu ya bati.

Nakala ya tatu ilikuwa na mikwaruzo kila mahali, lakini kila neno lilikuwepo.

"Salme, mama. Najua utaliuliza hili kabla hujavua viatu, maana subira wewe huna. Sirudi. Mwezi mzima nimetafuta namna ya kukwambia nikiwa nakutazama, nikashindwa, ndiyo nakuachia kwa Somo. Hukunikosea kitu. Usiniwekee chakula, wala usiwaambie watu nakuja. Ukipata mtu wa kucheka naye, cheka naye. Shuka la kijani nimelichukua, lina harufu ya nyumbani. Gesi nimejaza."

Nilikaa juu ya gunia la mkaa na nguo yangu nyeupe.

"Mwanamvua," Somo akasema sikioni, "niandike ipi?"

Nikamuuliza yeye angeandika ipi. Akakwaruza, akasema akichagua yeye atakuwa amemsemea mtu, na ndiyo maana ananiuliza mimi.

Nakala ya kwanza ilikuwa nzuri mno. Mle ndani kulikuwa na mwanaume anayekwenda kazini na shuka la mkewe begani, na mtu wa namna hiyo hurudi. Sikuwa na haja ya kutunga hata neno. Mikwaruzo ilikuwa imenifanyia kazi yote. Salme angelisikia, angelia kwa furaha, angemwamkia Bi Arafa, na nani angekuja kuniuliza? Angengoja hadi azeeke, lakini angengoja akiwa na neno tamu. Tena nilijijua. Nusu ya huruma yangu ilikuwa huruma, na nusu ilikuwa kutotaka Ijumaa zile ziishe, uani kujaa vile, vijiko kusimama vile.

Lakini nilifikiria na zile sahani za chakula. Miaka saba Salme alikuwa amemfunikia mtu yule chakula jioni, mimi shahidi, na asubuhi akakila kikiwa baridi kabla ya kwenda kazini, akisema hapendi kutupa.

"Ya tatu," nikasema.

Mkwaruzo ukaanza, wa mwisho wa diski ile. Nilikuwa na muda wa kusema basi. Wa kumenya kitunguu. Nilishika mdomo wangu kwa mkono, kama mtoto, mpaka ukakoma.

*

Nilipotoka walinitazama usoni wote kwa pamoja, kama watu wanaotazama mwezi. Nikasema nakwenda kukuna nazi, kwa sababu tulikuwa tumeahidiana wali wa nazi kwa ajili ya Somo, nami nilitaka kazi itakayoniinamisha. Nikakaa juu ya mbuzi, nikainama.

Sudi akafunga diski kimya ndani ya sanduku, akauliza kwa majaribio zamu ya maji ni ya nani. Somo hakujibu. Akauliza tena. Bi Arafa naye akauliza, kwa sauti ya kumwamsha mgonjwa, iwapo anamjua yeye ni nani. Kimya. Mwingine akauliza leo siku gani, mwingine nani kala sukari yake ya kwenye kopo jekundu, na Sudi alikuwa ameshaanza kutoka jasho, akaigeuza ile biskuti huku na huku, akaapa ilikuwa nzima. Mzee mmoja wa chumba cha tano akaanza kumsomea Somo Yasini. Nikaona hapa hapana nazi tena, nikaweka kifuu chini nikasimama.

Hapo hapo Somo akajibu. Akajibu yote kwa mfululizo, bila kupumua: zamu ni ya chumba cha pili, wewe ni Arafa binti Mshamu, leo Jumapili, sukari kala mzee wa chumba cha tano. Yasini ikakatika.

Akaulizwa alikuwa wapi. Akasema alikuwepo, ila kuna mtu alikuwa anakuna nazi, na penye kelele hana hakika kama mwenye swali amemaliza kusema. Tangu zamani hangoji jibu tu, hungoja na utulivu, ila zamani diski yake ilikuwa polepole kuliko nazi yoyote, hatukuona tofauti.

Watu walicheka mpaka wakasahau uso wangu. Mimi nilikitazama kile kifuu.

*

Wiki ile ilikuwa ndefu kuliko mfungo. Wateja wangu waliketi chini ya mikono yangu na kuondoka wamesukwa bila habari. Mmoja aliniuliza nina jino. Mwingine alisema labda nimeokoka. Nami si neno la Idrisa lililonichoma zaidi. Lile lilikuwa zito, lilikaa chini, lilitulia. Lililonichoma ni shuka. Kila asubuhi Bi Arafa alipita akiburuza ndara zake, Salme akainama juu ya ndoo asimwone, na mimi nikiwa na ushahidi mdomoni kama pipi isiyoyeyuka. Siku moja Bi Arafa alianika leso ya kijani, na Salme akaliambia bomba kwamba kuna watu rangi hiyo imewakaa rohoni. Bi Arafa alishusha leso ile, mbichi, akaenda kuianika ndani. Niliuma ulimi wangu hadi nikaonja damu, maana huwezi kulitoa shuka bila kumtoa mwenye kulibeba.

Alhamisi Salme alikuja nimsuke. Alikaa katikati ya magoti yangu, akanyamaza, nami nikanyamaza, tukafika katikati ya kichwa.

"Da Mvua, wewe hujawahi kunyamaza wiki," akasema. "Lingekuwa jema, lingekupasua."

Nilisuka. Nywele zilikuwa zinateleza. Alipapasa nyuma akaukuta mkono wangu, akaupigapiga mara mbili kama ananibembeleza mimi, kisha akaniuliza kesho nitapika nini. Nikasema wali wa nazi. Akasema vizuri.

*

Ijumaa, baada ya swala, hakuna aliyetoka. Hata wenye kazi walikuwa na mafua. Sudi alikuja kukaza skrubu, akakaa mbali kabisa, karibu na choo, kofia mkononi. Bi Arafa alikaa kwenye nguzo yake. Mimi nilikuwa na nazi mbili zimevunjwa, na mbuzi nimeitega chini ya sanduku la Somo kabisa.

Salme alitoka na kanga safi, akavuta kigoda. Hakunitazama.

"Somo," akasema, "Idrisa aliniachia neno gani?"

Kabla neno "gani" halijagusa ardhi nikaanza kukuna. Krr, krr, krr. Uani kote watu wakaelewa kwa pamoja. Nilisikia pumzi zao zikishuka. Somo akangoja. Hakudanganya mtu: kulikuwa na kelele kweli, na aliyepiga kelele nilikuwa mimi. Salme alikaa chini ya sauti ile kama alivyozoea kukaa, mikono magotini, macho yamefungwa, na nilimpa mkwaruzo mzuri kuliko niliowahi kumkunia mgeni, polepole, bila kuruka, muda wa kitunguu kimoja.

Hakusema basi.

Nikachukua kifuu cha pili. Cha tatu. Kitunguu cha pili kilikuwa kimeshamenywa, na cha tatu. Kifuu cha nne kilipokwisha mkono wa mtu ukanisogezea nazi nyingine, iliyovunjwa tayari. Ulikuwa mkono wa Bi Arafa. Nikakuna ile. Mama Tunu akaleta yake ya mchuzi wa kesho. Machicha yakajaa beseni, yakaanza kumwagika juu ya miguu yangu, na bado watu walikuwa wanapokezana nazi kama wanaozima moto, na Salme hajasema, na macho hajafumbua. Ndipo nikaona tunachofanya. Yeye alikuwa ameshamaliza. Waliokuwa wanasema basi ni sisi.

Nikaweka kifuu chini.

Sitarudia maneno, mmeyasikia. Yalitoka yote, na mikwaruzo yake, kwa sauti ile ya kuuzia maji ya mvua, uani kote mpaka barabarani. Kwenye "sirudi" Salme alitikisa kichwa, kidogo, kama mtu aliyetajiwa bei aliyoitarajia. Kwenye "cheka naye" Sudi aliinuka akaenda nje. Kwenye shuka Salme alifumbua macho.

Sauti ikaisha. Gesi ilikuwa imejazwa.

Salme alilia, si sana, akajifuta kwa pindo la kanga. Akatazama beseni langu, akatazama kifusi cha nazi kilichoifunika miguu yangu, akauliza kwa sauti ya mafua kama tunapika au tunaziba kisima. Kuna mtu alicheka akajizuia. Kisha akainuka, akavuka ua mzima, akasimama mbele ya ile nguzo, akapiga goti moja kama alivyofunzwa utotoni.

"Bi Arafa," akasema, "shikamoo."

Bi Arafa hakuitika. Alimtazama. Midomo yake ilianza kitu ikaacha, ikaanza tena, na ndani ya kifua chake, naapa, tulisikia kitu kikikwaruza, polepole, kikipita juu ya asubuhi zote zile na ndara zote zile kutafuta mahali neno lilipowekwa. Mtu yeyote angeweza kusema basi. Salme alibaki na goti chini, akingoja, na sisi tukangoja naye.

"Marahaba, mwanangu," Bi Arafa akasema. "Inuka. Kamwite fundi huko nje, nazi hii hatuimalizi wenyewe."